Kiganja Juu ya Boneti

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Magunga. Nimepewa chumba nyuma ya jikoni, bati tupu juu, kitanda cha kamba, na kibali cha kukaa hapa mpaka gari lipone. Kijitabu cha mtihani wa serikali kinasema fundi bora huandika kila alichofanya kila siku. Haya, naandika.

Mimi ni Bonface Werema, fundi wa magari, Kehancha, miaka kumi na tisa kazini bila cheti. Mtihani ni Jumatano tarehe 21 Mei, Migori, saa mbili asubuhi. Mara mbili nimeukosa, moja kwa malaria, moja kwa maziko. Mara ya tatu jina hufutwa, na kule gereji wameshasema mwaka ujao hawataki fundi asiye na cheti.

Walionileta ni Liz, mfanyabiashara wa mahindi, na gari lake la silinda nane la petroli kutoka Japani. Mwezi wa tatu alipita Kehancha taa ya injini ikiwaka. Nilichomeka kamashine kangu ka kusoma kompyuta ya gari, nikafuta kosa lililoandikwa humo, taa ikazima, nikamwambia gari limepona. Wiki mbili zilizopita alikuwa anamrudisha mama yake kutoka kliniki ya moyo Homa Bay, gari likaishiwa nguvu kwenye mlima kabla ya kufika hapa. Mama mgonjwa alikaa kwenye matope saa nne. Jana Liz akaja kunichukua, akanileta hapa kwao, Suba. Hakunipigia kelele hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ulisema imepona," aliniambia. "Sasa utakaa nayo mpaka ipone kweli."

Jumanne, 29 Aprili

Mvua ilianza kabla ya alfajiri. Juu ya bati hili mtu hawezi kusikia hata mawazo yake.

Saa moja nimeenda bandani karibu na geti. Nimeweka kiganja juu ya boneti, baridi kabisa. Hiyo ndiyo kazi yangu, wengine wanahitaji vipima joto, mimi nina kiganja. Nikawasha.

Nieleze, kwa ajili ya mtahini atakayesoma. Gari hili lina pampu ndogo ya umeme. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, pampu hupuliza hewa safi kwenye ekzosi kwa dakika moja hivi, petroli isiyoungua iungulie humo, moshi utoke safi. Hewa hupitia vali mbili, ya kushoto na ya kulia. Dakika ikiisha pampu hunyamaza mpaka injini ipoe tena. Kompyuta ya gari ikiona hewa haipiti ipasavyo, huwasha taa na kuibana injini, gari likabaki kutambaa. Kwa hiyo kuipima ni mara moja kwa siku, asubuhi, na ukikosa umekosa.

Leo niliwasha, nikasikiliza. Pampu haikutoa sauti yoyote. Kosa limeandikwa: hewa haitoshi.

Jumatano, 30 Aprili

Pampu kimya. Mvua.

Alhamisi, 1 Mei

Nimeunganisha pampu moja kwa moja kwenye betri kwa waya. Imevuma vizuri sana. Kwa hiyo si mbovu, bali haiambiwi ifanye kazi. Nimebadilisha relei, nimekagua fyuzi. Kesho.

Liz amerudi kwenye biashara yake Homa Bay kabla mto haujajaa. Ameacha amri kwa Mzee Cephas, dereva wao wa zamani ambaye sasa ni mlinzi wa geti. Kila jioni Cephas anabeba sanduku langu la spana na kulifungia stoo. Si kwamba namwogopa. Lakini mtu akiondoka na spana zako, na daraja la mto limefunikwa na maji, na pikipiki zimekataa kuvuka, wewe ni mfungwa, uite unavyopenda.

Jioni wanaongea Kijaluo jikoni. Nasikia "fundi" kila baada ya sentensi mbili. Mengine siyajui.

Ijumaa, 2 Mei

Pampu kimya.

Jumamosi, 3 Mei

Nilitoka na kamashine mkononi, nikamkuta Cephas bandani amevaa koti na tai, Biblia kwapani.

"Fundi, leo hapana. Leo ni Sabato. Kwa hii boma hakuna mtu anagusa spana."

"Mzee, mimi si wa Sabato."

"Gari ni ya Sabato," akasema, akaenda kanisani.

Nilisoma kijitabu siku nzima. Sura ya kwanza inaanza hivi: "Hatua ya kwanza ya kutafuta hitilafu ni kumuuliza anayeliendesha gari." Nikacheka peke yangu. Anayeliendesha gari ndiye mwenye kuliharibu, atajua nini. Hiyo wameiandika watu wa ofisini. Nikaruka mpaka sura ya umeme.

Jumapili, 4 Mei

Mvua alfajiri. Kiganja juu ya boneti, baridi. Pampu kimya.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua waya zote kuanzia pampu mpaka kompyuta, mita moja baada ya nyingine, nikitafuta palipotafunwa na panya. Panya wa Magunga hawali waya.

Jumanne, 6 Mei

Leo Mama Damaris, yule mgonjwa, ameniita. Chumba chake kiko upande wa barabara, dirisha linaangalia banda la gari. Analala kwa mito mitatu, akilala chini pumzi inampotea. Miguu imevimba. Nilitegemea kutukanwa.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu. "Unakula?"

"Nakula, Mama."

"Samaki unakula? Nyinyi Wakuria mnapenda nyama tu."

Nikamwambia samaki nakula. Akafunga macho, nikadhani amelala, akasema tena, "Hiyo gari ilikuwa ya baba yake Liz. Usiichukie." Nilikuwa naichukia kweli.

Alhamisi, 8 Mei

Siku kumi na moja. Pampu kimya, mvua ileile, kiganja kilekile. Namwona Cephas akizunguka gari na kitambaa, anapangusa taa, anapangusa vioo, anazungumza nalo kwa Kijaluo. Mwenye gari anipe kazi, halafu anipe na kichaa wa kunitazama. Leo aliniuliza, "Fundi, umeisikiza?" Nikamwambia nina mashine ya kuisikiliza, asante. Akatikisa kichwa akaenda kulisha kuku.

Nimeanza kufikiri ni kompyuta yenyewe imekufa. Kompyuta nyingine italetwa kutoka Kisumu, labda wiki tatu. Mtihani uko baada ya siku kumi na tatu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefanya jambo.

Boma lote lilikwenda kanisani saa tatu, isipokuwa Mama aliye kitandani. Ufunguo wa gari hutundikwa kwenye msumari jikoni. Nilikaa kitandani nikitazama ukuta, na ukuta ukaanza kunikaribia, sitanii. Siku kumi na tatu na sijaona barabara. Nikainuka, nikachukua ufunguo.

Kiganja juu ya boneti, baridi kama siku zote. Nikawasha.

Pampu ikavuma. Ilivuma kama mashine ya posho iliyo ng'ambo ya kijiji, dakika nzima, ikanyamaza. Nikazima, nikarudisha ufunguo kwenye msumari, nikajilaza kama mtoto aliyeiba sukari. Waliporudi nilijifanya nalala.

Kwa hiyo waya ni nzima na kompyuta ni nzima. Lakini sina wa kumwambia, maana nimevunja Sabato ya watu ndani ya boma lao.

Jumapili, 11 Mei

Kiganja, baridi. Pampu kimya.

Ijumaa kimya, Jumamosi inafanya, Jumapili kimya. Hii pampu ina dini?

Jumatatu, 12 Mei

Kesho ni siku ya kliniki ya Mama. Liz amekuja jioni, amesimama mlangoni kwangu na mwavuli.

"Fundi, kesho itapanda mlima ama haitapanda?"

Nilijua jibu la kweli. Sijui ugonjwa, sijui dawa. Lakini nilikuwa najua pia kwamba nikifuta lile kosa injini ikiwa imepata moto, gari litaenda vizuri mpaka injini ipoe na kuwashwa tena. Kwenda wangefika. Kuhusu kurudi nilijiambia huenda wasikae sana hospitali.

"Itapanda, Madam," nikasema.

Jumanne, 13 Mei

Nimefuta kosa asubuhi gari likiunguruma, taa ikazima, wakaondoka, Liz usukani, Cephas kando yake, Mama nyuma na mito yake. Geti likafungwa kwa nje. Nikabaki na kuku.

Saa sita jua lilitoka kidogo. Saa nane likafunikwa. Nilihesabu: kufika saa tatu, foleni, daktari, dawa. Injini itakaa saa tano bila moto, itapoa. Watawasha, pampu itajaribu, kompyuta itaona kosa, nguvu itabanwa. Nilijua hilo tangu jana. Nililijua vizuri kuliko mtu yeyote Suba nzima, na nilisema itapanda.

Saa kumi mvua ikaanza, mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Nilimpigia Liz, simu haipatikani. Nikatembea kutoka geti mpaka jikoni na kurudi. Nilijaribu kupanda ukuta nikaona sina pa kwenda, mlima uko kilomita tisa na mto uko katikati. Nikashuka. Sijawahi kujichukia namna ile. Nilifikiri juu ya pumzi ya Mama, mito mitatu, na kiti cha nyuma cha gari lililoinamia mtaroni. Nikafikiri pia juu ya mtihani, lazima nikiri, nikaona aibu kwamba nimeufikiria.

Walirudi giza limeshaingia, wakivutwa na trekta la mtu wa Kisegi. Cephas ndiye aliyembeba Mama mpaka ndani, mzee mwenyewe wa miaka sabini, matope mpaka kiunoni, miguu ikiteleza. Nilitaka kumpokea. Akasema, "Wacha," tu. Midomo ya Mama ilikuwa imepoteza rangi. Dawa moja hawakuipata, wameambiwa warudi Alhamisi tarehe 22, na daktari amesema siku hiyo isikose.

Liz alikuja mlangoni kwangu bila mwavuli. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na hakuyapangusa.

"Mara ya pili," akasema.

Nilifungua mdomo. Akainua mkono.

"Kama hujui, sema hujui. Kwani kuna shida gani kusema hujui? Mimi ningekodi lori. Ningembeba mgongoni."

Sikulala.

Jumatano, 14 Mei

Sikugusa gari.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Mama anakohoa, nasikia mpaka huku jikoni mvua ikipungua. Pampu kimya.

Jumamosi, 17 Mei

Sabato. Nimekaa chumbani kwangu. Nimemwambia Liz kwa simu kwamba sijui. Akasema, "Sawa. Sasa anza hapo."

Jumatatu, 19 Mei

Leo ndiyo siku ya kuandika.

Nimeamshwa na kimya. Mara ya kwanza tangu nije, hakuna mvua juu ya bati. Nikalala nikisikiliza vyura. Saa kumi na moja hivi nikasikia mlango wa gari, halafu injini ikaguruma, na chini ya mngurumo huo, pampu, ikivuma dakika nzima.

Nilitoka na shuka. Cephas alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja chini, ametulia kabisa kama mtu aliye kwake.

"Mzee, unafanya nini?"

"Napasha moto."

"Kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Sabato. Dakika kumi. Miaka thelathini na moja, kwanza lori la samaki, halafu hii ya Mzee mwenyewe, baba ya Liz. Kwani wewe ulifikiri inajipasha?"

Nilikaa chini kwenye udongo. Saa kumi na moja anaiwasha, saa moja mimi nakuja. Mvua imeshapoza boneti, ndani injini bado ina joto, na injini yenye joto haiamshi pampu. Siku ishirini na moja nimekuwa nikiweka kiganja juu ya bati lililonyeshewa na kuliita kipimo. Kamashine kangu husoma makosa tu, hakasomi joto, na kipimajoto cha shilingi mia tatu sikukinunua kwa sababu nina kiganja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliuliza kama umeisikiza. Ukasema uko na mashine."

Nikamuuliza, basi wewe unasikia nini. Na hapo mzee akanifundisha kazi yangu, taratibu, akiwa amezima injini ili nimsikie vizuri.

"Hii sauti ya kuvuma iko tangu inunuliwe. Hiyo ni yake. Lakini tangu Krismasi inavuma na filimbi. Upande huu." Akagusa upande wa kulia. "Filimbi ndogo. Ile siku ya kwanza ya filimbi, ile taa ikawaka."

Vali ya kulia. Haifunguki yote, hewa inapenya kwenye ufa. Nimeitafuta kwa wiki tatu na mtu aliyekuwa akiisikia kila alfajiri alikuwa ndiye anayenifungia spana.

Kisha nikamuuliza swali ambalo sikutaka jibu lake. Baada ya kupasha, huwa analiendesha? Akasema hapana, aendeshe kwenda wapi. Dakika kumi, anazima. Nikamweleza kwa upole nilioweza. Injini ikiunguruma mahali pamoja hutoa maji kwenye ekzosi, na bila safari maji hayo hayakauki. Kila asubuhi maji kidogo yanaingia kwenye vali na kulala humo. Hiyo ndiyo kutu, na hiyo ndiyo filimbi.

Cephas aliondoa mkono kwenye usukani. "Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Ni kutu, Mzee."

"Si kwa sababu ya gari pekee nilikuwa nafanya hivyo," akasema, akageuka kutazama dirisha la Mama. "Mzee alikuwa anatoka kuipasha na mimi saa hiyo. Alipokufa mwaka jana Mama akaniambia, asubuhi hainifikii. Sasa akisikia injini anajua kumekucha na yeye bado yuko."

Jumanne, 20 Mei

Tumeanza alfajiri, sisi wawili. Cephas hakuiwasha mpaka nilipokuwa tayari. Hose ya hewa ya kushoto ikatetemeka chini ya vidole vyangu, ya kulia ikabaki mfu, na ile filimbi nikaisikia. Nimefungua nusu ya injini kuifikia vali, imejificha nyuma kabisa. Imejaa kutu rangi ya chai. Nimesugua, nimelainisha, nimeijaribu mezani mara arobaini. Saa kumi na moja jioni nimerudisha boliti ya mwisho. Cephas ndiye aliyekuwa ananipa spana, na kila moja aliijua namba yake bila kuangalia.

Nilikwenda kwa Mama nikamwambia yote. Kwamba mwezi wa tatu nilifuta taa nikadanganya. Kwamba wiki iliyopita nilifuta tena. Kwamba niliwasha gari siku ya Sabato.

"Hiyo ya Sabato niliisikia," akasema kwa pumzi fupi. "Nikasema Cephas ameacha dini. Nikamwombea." Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Liz amefika usiku huu huu na pikipiki, mto umepungua. Amesema asubuhi mwenye pikipiki atanipeleka Migori.

Jumatano, 21 Mei

Saa kumi na moja kasoro. Injini baridi, na safari hii nilipima kwa kipimajoto nilichomwagiza Liz. Cephas akawasha. Pampu ikavuma, haina filimbi, dakika moja, ikanyamaza. Taa haikuwaka. Liz akafungua stoo akatoa sanduku langu mwenyewe, akalifunga nyuma ya pikipiki. Akafungua geti, mabawa yote mawili.

"Enda, fundi. Umechelewa tayari."

Mwenye pikipiki akapiga teke, ikawaka. Barabara ilikuwa imeanza kuonekana. Wiki tatu nimeota geti hilo.

Lakini mwezi wa tatu pia taa haikuwaka, asubuhi ya kwanza. Vali iliyosuguliwa inaweza kunata tena ikipoa. Kesho Mama atakaa hospitali saa tano, injini itapoa kwenye uwanja wa Homa Bay, na mlima utakuwa unawangoja. Hapo ndipo ukweli ulipo, si hapa bandani. Nilifungua sanduku kutoka kwenye pikipiki.

"Mtihani je?" Liz akauliza.

"Sijui kama imepona, Madam," nikasema. "Kesho nitajua."

Liz akamlipa mwenye pikipiki mafuta yake, na saa mbili asubuhi, walipokuwa wakiita majina Migori, nilikuwa nakaza mkanda wa betri.

Alhamisi, 22 Mei

Homa Bay, uwanja wa hospitali, saa tisa na nusu alasiri. Saa tano na dakika ishirini tangu injini izimwe. Mama amepata dawa zake zote, yuko kiti cha nyuma na mito mitatu. Kabla ya kushika chochote nilimuuliza Cephas, "Mzee, utasikiza nini?"

Akafikiri. "Filimbi."

Akawasha. Pampu ikavuma, tukasikiliza wote wanne, Liz kando yangu, Mama nyuma, kidole mdomoni akitunyamazisha hali hatukuwa tunaongea. Dakika ikaisha. Taa haikuwaka.

Tumepanda mlima kwenye matope bila kupunguza gia. Mahali palipowakwamisha mara mbili pana alama za matairi bado. Hakuna aliyepaonyesha.

Ijumaa, 23 Mei

Naondoka leo. Jina langu Migori litakuwa limefutwa, na ya gereji nitaijua nikifika.

Alfajiri nilikuwa macho. Saa kumi na moja Cephas aliwasha, pampu ikavuma, na safari hii sikusikia injini ikizimwa. Tumekubaliana hivyo: kila asubuhi aende nayo mpaka sokoni na kurudi, nusu saa, ekzosi ikauke. Nilisikia gari likitoka getini na kupotelea kwenye barabara ya soko, halafu kimya. Chumba cha Mama kilikuwa na taa. Alikuwa ameketi kitandani, uso dirishani, na mimi nikasimama uani, tukalingoja wote wawili mpaka liliporudi.